Barua anaandika Mama, Hamburg wananiuliza mimi

Shikamoo dada mshauri,

Nina miaka 31, naishi Uyole, Mbeya. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayonunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe, inazichambua, inazifungasha na kuzisafirisha Ulaya. Mwenye kampuni ni mama mtu mzima ambaye sisi wote tunamwita Mama, na naomba nimwite hivyo hivyo hapa.

Pale niliingia kama kibarua wa kupanga kreti. Siku moja Mama alinikuta nasoma maandishi ya kwenye maboksi, akaniuliza shule niliishia wapi. Nikamwambia kidato cha sita. Hakusema neno. Msimu uliofuata akanilipia ada ya stashahada ya jioni, na nilipomaliza akanipa meza ofisini. Mdogo wangu wa kike anasoma kwa mshahara huo huo. Nimeyasema haya ili ujue kwamba huyu kwangu si bosi tu.

Mama aliishia darasa la saba. Kiingereza amekiokota kwa mawakala wa meli, kwa wanunuzi na kwenye simu, na anakizungumza bila woga. Nimeshamsikia akibishana bei na mtu wa Mumbai mpaka yule mtu akapandisha. Shida ni barua. Anaziandika mwenyewe usiku nyumbani, kwa biki, kwenye kaunta buku. Asubuhi ananiletea nizichape, na amri yake ni moja: chapa kama ilivyo. Yeye anasaini, mimi natuma. Chini kabisa kushoto zinakaa herufi za majina yetu, zake kwanza, halafu zangu mimi mchapaji.

Misemo iliyomo humo inanipa homa. Akitaka kusema "for all intents and purposes", yaani ukilitazama jambo kwa namna yoyote ile, yeye anaandika "for all intensive purposes". Anafunga barua kwa "looking forward to hear from you", wakati inatakiwa "hearing". Hakuna barua isiyo na "please revert back". Na kuna "in lieu of", huo anaupenda sana. Anadhani ni sawa na "in view of", yaani kwa kuzingatia, kumbe maana yake ni badala ya.

Msimu uliopita alitaka kuwaambia wanunuzi wetu wa Hamburg kwamba matunda yatapatikana hadi mwisho wa Agosti. Akaandika "available by the end of August". Wale wakaelewa kwamba kabla ya hapo hakuna kitu, wakajibu kuwa basi kontena la kwanza watalipanga Septemba. Nilikimbia na jibu hilo mpaka banda la kufungashia, akina mama wakiwa wanachambua na vijana wanapakia, nikamwonyesha Mama palipokosewa. Akasoma, akavua miwani, akasema kwa sauti: "Kwa hiyo Mzungu haelewi Kiingereza chake mwenyewe?" Banda zima likaangua kicheko. Akachukua simu, akampigia mnunuzi, na haikuchukua muda mambo yakanyooka. Mimi nikarudi ofisini na karatasi yangu mkononi.

Tangu siku hiyo nachapa kama ilivyo. Mara mojamoja nafuta "back" kwenye "revert back", na sidhani kama ameona.

Sasa yamenikuta mawili kwa mpigo. La kwanza, dada mmoja wa ofisi ya Hamburg anayeshughulikia nyaraka ameniandikia mimi peke yangu. Ananiomba kwa adabu niwe nazipitia barua za Mama kabla hazijatumwa, ili kuepuka utata. Akaongeza kwamba si lazima Mama ajue. Sijamjibu.

La pili, Hamburg wanataka mkataba wa miaka mitatu. Kila msimu watatoa malipo ya awali ya asilimia 30 kabla matunda hayajachumwa. Mama ameandika barua ya kukubali, na sentensi yenyewe inaanza hivi: "In lieu of the 30 percent advance payment, we shall reserve the fruit for you." Anataka kusema kwamba kwa kuwa wanatutangulizia asilimia 30, tutawatunzia matunda. Alichoandika ni kwamba tutawatunzia matunda badala ya wao kulipa hiyo asilimia 30. Barua itoke kabla ya mwisho wa mwezi. Kaunta buku liko mezani kwangu hapa ninapokuandikia.

Mke wangu anasema rekebisha unyamaze. Rafiki yangu mmoja anasema amri ni chapa kama ilivyo, basi chapa, yakiharibika si yako. Mimi nikimtazama Mama nashindwa kuanza. Nikimwambia, nitaonekana nimesomeshwa kwa pesa yake halafu namsomesha yeye. Nisipomwambia, herufi zangu ziko pale chini.

Mpanga kreti wa zamani, Uyole

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona umechanganya kwenye kreti moja matunda ya madaraja tofauti. Kuna sentensi moja inayoweza kuwapotezea pesa. Kuna mazoea ya Mama ya kuandika misemo kama alivyoisikia. Na kuna huyu dada wa Hamburg aliyekuomba kitu na siri juu yake. Wewe unayabeba yote kwa pamoja na kuyaita Kiingereza cha Mama, ndiyo maana yanakuelemea.

Nianze na asilimia 30, maana hiyo ina tarehe. Hamburg wanajua walichoahidi, na huenda wakaisoma sentensi hiyo, wakatabasamu, wakalipa kama kawaida. Lakini barua ya kukubali mkataba inawekwa kwenye faili. Mwaka wa pili bei ikishuka, au yule mnunuzi mnayeelewana naye akiondoka akaja mwingine, faili litafunguliwa na mtu asiyemjua Mama, naye atasoma kilichoandikwa. Hapo suala la lugha limekwisha, limebaki suala la pesa, na kwenye pesa Mama ndiye mwalimu wako. Huhitaji kumfundisha maana ya "in lieu". Unaweza kumuuliza kwa Kiswahili tu: "Mama, hapa tunawaambia wasitulipe ile asilimia 30?" Halafu unyamaze, umwachie asome. Mtu aliyewapandisha bei watu wa Mumbai, swali la namna hiyo halimpiti. Na akibisha, kamusi haina cheo wala stashahada, mnaweza kuifungua wote wawili.

Inawezekana pia akakwambia wao wanajua anachomaanisha, tuma. Hilo sikufichi. Ila utakuwa umelisema, mkiwa wawili, ndani ya ofisi.

Nasisitiza ndani ya ofisi kwa sababu ya lile banda. Umelisimulia kama mahali ulipodharauliwa, na kicheko kile kilikuuma, naelewa. Lakini hebu simama alipokuwa amesimama yeye. Amezungukwa na watu anaowalipa posho. Kijana aliyemsomesha anakuja mbio na karatasi, anamwonyesha kosa mbele yao. Angesema nini? Ule mzaha ulikuwa mlango wa kutokea. Na hebu tazama alichofanya baada ya mzaha: alichukua simu palepale. Asingekuamini asingepiga. Wewe umebaki na kicheko, simu umeisahau, na kwa kicheko hicho ukaamua kwamba Mama haambiliki. Sijui kama anaambilika au la, lakini kwa habari ulizonipa mimi, bado hujamjaribu ukiwa naye peke yake.

Sasa hayo maneno yake ya Mzungu na Kiingereza chake. Aliyatania tu, lakini kuna jambo ndani yake. Watu wa Hamburg ni Wajerumani. Kiingereza wao nao wamekikuta shuleni. Kijerumani kina neno moja, "bis", linalofanya kazi ya "until" na ya "by" zote mbili, sawasawa na sisi tunavyosema hadi au mpaka. Kwa Kiswahili, matunda yapo hadi Agosti, na pesa iletwe hadi Ijumaa. Hadi ni ileile. Kwa Kiingereza matunda yapo "until", pesa iletwe "by". Mjerumani anayejifunza Kiingereza anajikwaa palepale alipojikwaa Mama. Kwa hiyo kosa la Agosti msilihesabu kuwa la darasa la saba. Wapo wenye shahada zao wanaoliandika kila wiki, na wengine wako Hamburg. Unapoisoma barua ya yule dada kama vile mwenye lugha anamsahihisha mwazimaji, isome tena. Ni waazimaji wawili wanaotafutana.

Tukija kwenye orodha yako ya misemo, niruhusu nikuchokoze kidogo, maana umeiandika kama orodha ya mashtaka na mimi sioni kama yote yana uzito. "For all intensive purposes" inaandikwa na Waingereza na Wamarekani waliozaliwa nayo. Msemo wenyewe ni wa kisheria, wa karne ya 16, na mtu akiusikia kwa haraka masikio yanampa "intensive". Mama ameuandika kama ulivyomfikia. Hakuna boksi la kilo 4 litakalokataliwa kwa sababu hiyo. "Hearing" na "hear" vivyo hivyo: inakwaruza sikio, lakini haipotoshi kitu.

"Revert" ndiyo imenichekesha. Kwa Mwingereza wa zamani, neno hilo ni kurudi kwenye hali ya mwanzo. Lakini kwenye ofisi za India na Singapore "please revert" maana yake ni tafadhali nijibu, wanaiandika kila siku na wanaelewana. Mama alifanya biashara na Mumbai, nadhani ndiko alikoipata. Wewe umekuwa ukifuta "back", ambayo ni ziada tu, ukaiacha "revert", ambayo ndiyo Mjerumani angeweza kukwama nayo. Unaona jinsi urekebishaji wa kimyakimya ulivyo? Aliyerekebisha naye hana wa kumpitia.

Hata wenye lugha wanapishana. Winston Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana muda mrefu juu ya neno "table". Kwa Mwingereza ni kulileta jambo mezani lijadiliwe sasa, kwa Mmarekani ni kuliweka kando. Walikuwa wanataka kitu kimoja, na wakagombana.

Sisemi uyaache yote. Siku mkiandika kwa benki, au kwa mnunuzi mpya asiyejua sauti ya Mama kwenye simu, hayo madogo yanaweza kumfanya mtu awadharau kabla hajaziona parachichi. Hiyo ni hasara nayo. Ninachokuuliza ni hiki: ukikaa mbele ya Mama, unataka kumwambia mangapi? Ukienda na tarehe, kiasi cha pesa na nani anafanya nini, umekwenda na mambo ya kampuni. Ukienda na "hear" na "hearing", atasikia unamrudisha darasani. Unaweza kuwa na haki kwenye yote na bado akakufungia mlango kwa sababu ya lile la mwisho.

Ushauri wa mke wako ni mwepesi na nimeufikiria. Ukirekebisha ukanyamaza, barua itatoka safi, hakuna atakayeaibika wiki hii. Lakini kaunta buku linabaki kwa Mama. Atakapopigiwa simu kutoka Hamburg atajibu kutoka kwenye kaunta buku lake, wao watakuwa wanasoma karatasi yako. Siku mambo hayo mawili yakipishana, yeye ataonekana mwongo kwa maneno asiyoyajua, na sahihi ni yake. Ushauri wa rafiki yako nao una upande wa kweli: hizo herufi chini kushoto, kwa desturi ya ofisi, zinamtaja aliyetunga na aliyechapa. Zako zinasema ulichapa. Hazisemi ulitunga. Aibu unayoibeba kwa ajili ya herufi hizo ni kubwa kuliko zinavyodai. Ila kwenye ile asilimia 30 sidhani kama wewe mwenyewe utalala ukijua uliona ukachapa.

Katikati kuna njia nyingine, na nakupa mbili nilizoziona zikifaa kwenye ofisi nilizopitia. Moja ni Mama kuandika kwa Kiswahili usiku, ninyi wawili mkae asubuhi mkiweke Kiingereza pamoja. Kwa Kiswahili hatakosea anachotaka kusema. Lakini nakuonya hapa. Mwanamke aliyeishia darasa la saba, anayekaa usiku na biki yake akiiandikia Hamburg kwa mkono wake mwenyewe, huenda barua hizo ndizo fahari yake. Ukimwambia aandike Kiswahili, wewe utakuwa unaokoa muda, yeye anaweza kusikia umemnyang'anya kitu. Unamjua kuliko mimi.

Nyingine ni ndogo na haimgusi mtu. Tarehe na pesa zitoke ndani ya sentensi, zikae peke yake chini ya barua, mstari kwa mstari. Kontena la kwanza, tarehe fulani. Kontena la mwisho, tarehe fulani. Malipo ya awali, asilimia 30, yanalipwa tarehe fulani, anayelipa ni mnunuzi. Hapo hapana "by" wala "until" wala "in lieu", na Mjerumani naye anapumua. Juu yake Mama aandike anavyopenda, na "intensive purposes" zake. Unaweza kumpelekea wazo hilo kama jambo la kurahisisha kazi ya forodha, maana kweli linairahisisha. Kasoro yake ni kwamba sentensi ya juu ikipingana na mistari ya chini, utakuwa na barua inayosema mawili, kwa hiyo haikuokoi na lile swali la asilimia 30.

Nimemwacha huyu dada wa Hamburg mwishoni kwa sababu yeye ndiye aliyenisumbua zaidi. Ombi lake la kwanza halina ubaya. Yamkini ni yeye aliyepanga lile kontena la Septemba na akasemwa na wakubwa zake. Uzito uko kwenye yale maneno kwamba si lazima Mama ajue. Ukikubali, kuna mtu wa nje anayejua jambo la ofisi yenu ambalo mwenye ofisi halijui. Wanunuzi huja kutembelea mashamba na mabanda. Neno la shukrani likimtoka mezani, mbele ya Mama, utajibu nini? Ukimwambia Mama kila kitu leo, anaweza kuumia, anaweza kumpigia yule dada simu kwa hasira, na mkataba wa miaka mitatu haujasainiwa. Ukikaa kimya tu, yule dada ataona umekubali, au ataanza kukwepa barua za Mama na kukuuliza wewe kila kitu, na kichwa cha barua yako kinaonyesha kwamba umeshaanza kuona hivyo.

Jiulize hivi. Mama akija kulijua hili kwa njia nyingine, kitakachomuuma ni nini, kwamba Hamburg waliona makosa yake, au kwamba wewe ulijua wameyaona? Jibu unalo wewe, maana ni wewe uliyekaa naye misimu yote hiyo. Kama ni la kwanza, pengine hapana haja ya kumbebea maneno. Kama ni la pili, kimya chako kina gharama kuliko unavyodhani.

Kwa vyovyote, huyo dada wa Hamburg anastahili jibu, na unaweza kumjibu bila kukubali siri na bila kumchongea. Mwandikie kwamba umeshukuru, kwamba kuanzia sasa tarehe na malipo mtayaweka mstari kwa mstari, na kwamba wakiona jambo lina utata wawaulize wewe na Mama kwa pamoja kabla hawajapanga kontena. Barua ya namna hiyo, hata Mama akiikuta wazi kwenye kompyuta yako, huna haja ya kuifunika.